Kichwa Hakikuja

Doktora alipokuja kupanga chumba chetu cha juu, siku ya pili tu majirani watatu walibisha hodi wakitaka awatazame magoti. Lawama ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyetangaza kwenye soko la Jumatano, lile la wanawake, kwamba mpangaji wangu ni doktora kutoka Serbia, na hapa Ibra, Oman, ukisema doktora watu wanafikiri dawa. Yeye aliwakaribisha, akayasikiliza magoti yote mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu, "Mimi ni doktora wa waliokwisha kufa. Nyinyi bado."

Wawili walicheka. Wa tatu alikasirika, na mimi simlaumu, maana alipanda ngazi zote zile kwa goti lile lile.

Naandika haya katika daftari langu la kila siku, na sijui kama nayaandika sawa. Skuli niliishia darasa la tano, Unguja, kabla hatujaondoka. Kazi yangu ni kushona kofia, vitobo na nakshi, na mtu wa kofia huhesabu vitobo, hahesabu maneno. Lakini kosa lililotokea nalijua kuliko mtu mwengine yeyote, kwa sababu nimelifanya mimi.

Doktora alikuwa mwanahistoria. Umri wake sabini na kitu, mwembamba, nywele nyeupe kazikata fupi kama mwanamume, na kila akitoka hujitanda mtandio wa kijivu bila kuambiwa na mtu. Alikuja kutafuta barua za zamani, za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizokuwa zikienda na kurudi baina ya watu wa mkoa wetu huu wa Sharqiyah na jamaa zao wa Afrika. Alikuwa anaandika kitabu juu ya barua hizo. Alisema ni cha mwisho, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanafunga. Katikati ya kila kitu aonacho pana doa, akitazama neno, neno ndilo linalopotea. Ndiyo maana akanihitaji mimi. Bibi yangu alinifundisha kusoma barua za namna ile nikiwa mdogo, kwa sababu yeye pia macho yalimwisha, na alitaka mtu wa nyumbani wa kumsomea.

Kila siku baada ya alasiri tulikaa barazani, mimi na barua, yeye na kalamu ya risasi. Nilipokuwa napumzisha macho ndipo alipokuwa akinisimulia maisha yake, kidogo kidogo, na mimi naunganisha hapa kwa kadiri ninavyokumbuka.

Alizaliwa kijiji kilicho kando ya mto. Baba yake alikwenda Ujerumani kufanya kazi kiwandani, akamwacha kwa bibi asiyejua kusoma. Akasoma Belgrade, chini ya mwalimu mzee aliyekuwa bingwa wa karatasi za Waturuki waliotawala kwao zamani, na karatasi zile zilikuwa na herufi za Kiarabu. Basi siku moja mwanafunzi mwenzao kutoka Unguja, maana siku hizo nchi yao ilikuwa ikipokea wanafunzi wengi wa Kiafrika, alikaa kwenye ngazi za chuo analia na barua ya mama yake mkononi. Doktora akaichukua barua akaisoma kwa sauti, yote, kutoka juu mpaka chini, na hakuelewa hata neno moja. Herufi alizijua, lugha hakuijua. Yule kijana akaacha kulia akacheka. Jioni hiyo akaanza kumfundisha Kiswahili.

"Na ulimwoa?" nilimuuliza. Nilitaka kusema, uliolewa naye?

"Hapana, dada. Alioa Mserbia mwengine, mzuri kuliko mimi. Mimi nikaoa barua."

Alifundisha chuoni miaka mingi. Nchi yao ilipovunjika, alisema, walikaa ofisini bila moto wakati wa baridi, na yeye aliandika na glavu, vidole viwili tu vya glavu kavikata. Wenzake wengi waliandika historia ya kuwapendeza wakubwa. Yeye alibaki na barua zake za watu wasiojulikana, akawekwa chumba cha chini karibu na mashine ya maji, wakamsahau. Sikumwona akijisifu kwa hilo. Alisema, "Labda nilikuwa mwoga tu. Barua za mbali hazimkasirishi mtu." Hilo pia naliandika kama alivyolisema.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Daftari lake kila ukurasa kaugawa kwa mstari. Upande mmoja kaandika *nimeona*, upande wa pili *nimedhani*. Nikisoma neno, ananiuliza, "Umeona au umedhani?" Nikisema nimeona, linakwenda upande huu. Nikisema nimedhani, upande ule. Swali hilo alilirithi kwa mwalimu wake. Mwanzo lilinichosha, maana mtu akikuuliza hivyo mara mia kwa siku unaanza kuona kama anakuita mwongo. Baadaye likaingia nyumbani. Binti yangu akiniambia wali umeiva, namuuliza, "Umeona au umedhani?" Naye ananiambia, "Mama, huyo mgeni wako atatutia wazimu."

Sasa nieleze shida ya herufi, maana bila hiyo kosa langu halifahamiki. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa Kiarabu, herufi ya *be* moja waliibebesha mizigo mitatu. Ilikuwa *ba*, ilikuwa *pa*, na mara nyingi ilikuwa *mba*. Msomaji alitakiwa ajue mwenyewe. *Baba* wa mtu, *papa* wa baharini na *pamba* ya mto wa kulalia, vyote vinaandikwa sawasawa. Bibi yangu alikuwa akiniambia, barua ya Kiswahili nusu yake imo kwenye karatasi na nusu imo kichwani mwa anayeisoma.

Barua yenyewe ilitoka kwenye mandusi ya jirani yetu, kasha lile la misumari ya shaba. Ni mama mtu mzima sana, sisi sote tunamwita Bi Mkubwa. Iliandikwa na mama yake hapa hapa Ibra, kabla Bi Mkubwa hajazaliwa, kumpelekea mumewe aliyekuwa Unguja. Mume aliporudi alirudi na barua zote kazifunga kwa kamba. Asali ya tende iliwahi kuvuja ndani ya kasha, na karatasi hii ukingo wake wa chini ulikuwa umejikunja na kugandana. Doktora alikataa kuukwanyua. "Tutamngoja fundi wa karatasi," alisema. "Ikichanika, hairudi." Basi nikasoma palipoonekana. Baada ya salamu ndefu paliandikwa hivi:

*Na baba amefika salama kutoka Sur, ila kichwa hakikuja. Ubavu mmoja amelowa. Tumemtia chumvi tukamweka juani siku mbili, na sasa hali yake njema, watoto wamemfurahia sana.*

Nilisoma, nikaiweka karatasi mapajani.

Sharti niseme kwa nini. Tulipokuja Oman, baba yangu alikuja na sisi, lakini kichwa chake hakikuja. Alibaki Unguja. Kila asubuhi alivaa kanzu, akatoka, akawauliza watu wa Ibra soko la Darajani liko wapi. Siku moja tulimkuta amesimama ndani ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, na viatu vyake, maji yanampita magotini, anangoja duka lifunguliwe. Mama alikuwa akimweka juani asubuhi za baridi, na akimkanda miguu kwa maji ya chumvi. Basi niliposoma *baba* na *kichwa* na *chumvi* na *jua*, niliwaona. Niliwaona wazi kuliko karatasi.

Doktora akauliza, "Baba. Umeona au umedhani?"

Nikasema, "Nimeona."

Akaandika.

Kwa neno hilo alijenga sura nzima. Sura ya wazee waliorudishwa kwao wakiwa wamechoka na akili zimewaruka, wakashukia bandari ya Sur, wakaletwa kwa watoto wasiowajua, na namna watoto hao walivyowatunza. Ule ubavu aliufanya maradhi ya kupooza. Sura akaiita *Kichwa hakikuja*. Alinitafsiria vipande, na nilivyosikia nililia, na Bi Mkubwa aliposimuliwa alifurahi, akaanza kumwombea dua babu ambaye kabla ya hapo hakuwahi kumfikiria. Doktora alialikwa mji wa Nizwa, aisome sura hiyo mbele ya watu wa historia. Ilikuwa mara yake ya mwisho kusimama mbele ya watu, kisha arudi kwao. Alitangulia siku tatu mbele.

Siku ya pili ya safari yake Bi Mkubwa aliniita.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeifungua."

"Umefungua nini?"

"Barua ya mama yangu. Nimeishika juu ya mvuke wa birika, ikaachia. Doktora angengoja fundi mpaka kiama, na kiama changu mimi kiko karibu." Akanipa. Karatasi ilikuwa nzima, haikuchanika hata kidogo, lazima niliseme hilo. "Soma."

Chini ya mkunjo palikuwa na mistari miwili. Nikasoma, "*Nusu yake tumempelekea shangazi aliyeko Mudhaibi.*"

"Nusu ya nani?"

"Ya baba."

Bi Mkubwa akanisogelea. "Wamempasua?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hebu rudi juu. Anzia kwenye kichwa." Nikarudi. Nilipofika kwenye chumvi alikuwa keshaziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheka. "Mwanangu, wewe umekula papa wangapi katika maisha yako?"

"Sijui. Wengi."

"Umepata kumwona hata mmoja sokoni ana kichwa?"

Papa mkavu. Papa wa Sur, anayekuja keshakatwa kichwa, ambaye akiloa ubavu njiani unamtia chumvi tena na kumwanika. Namnunua kila Jumatano. Alikuwemo jikoni mwangu siku ile ile.

"Basi," akasema Bi Mkubwa akijipangusa macho, "nimepoteza babu, nimepata kitoweo." Kisha akauliza, "Na mstari wa mwisho?"

Nikasoma, "*Mkia nimekuwekea wewe.*"

Hapo hakucheka. Alinitaka niusome tena, na tena. "Baba yangu alikuwa anapenda mkia," alisema. "Mpaka anakufa. Na sisi tulikuwa tunamcheka." Akaichukua barua akaikunja kama ilivyokuwa.

Nilipoinuka akanishika mkono. "Utamwambia?"

"Sijui."

"Usimwambie. Mwanamke wa watu keshazeeka, keshachoka, hicho ndicho kitabu chake cha mwisho. Nani mwengine atakayeisoma hii? Mie herufi hizi sizijui. Iko kashani mwangu na kasha lina kufuli."

Nataka nimtendee haki Bi Mkubwa, hakusema hivyo kwa hila. Alisema kwa huruma, na maneno yake yalikuwa na uzito. Nilirudi nyumbani nikayaandika katika daftari hili, ya kumwambia na ya kutomwambia, na ya kutomwambia yakawa mengi. Kwamba ile sura ni nzuri. Kwamba wazee wa namna ile walikuwepo, mimi ninaye ushahidi. Kwamba atafedheheka. La kumwambia lilikuwa moja tu, kwamba aliniuliza na mimi nikasema nimeona, na yeye macho yake ni mimi.

Asubuhi nikamwambia binti yangu anipeleke Nizwa.

"Mama, si umpigie simu tu?"

"Lile 'nimeona' nilimwambia usoni."

Binti yangu ana kazi, aliomba ruhusa kwa ajili yangu, na alinung'unika kuanzia nyumbani mpaka tulipoipita Mudhaibi. Haki yake. "Wallahi watu wakiniuliza nilikuwa wapi leo, nitasema nini? Nimempeleka mama Nizwa kwa ajili ya samaki." Kisha akasema, "Bora tungepita kwa huyo shangazi tukamuulize kama nusu yake ilifika." Tulicheka sote wawili.

Tulimkuta kwenye nyumba ya wageni, ukumbini, karatasi zake zimechapwa kwa herufi kubwa kubwa ili azione kwa pembeni mwa macho. Alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja kumsikiliza. Akaagiza kahawa na halua, na mimi sikuvigusa.

"Doktora, Bi Mkubwa ameifungua karatasi."

Akaweka kikombe chini. "Imechanika?"

"Haijachanika. Nimeisoma mistari ya chini." Nikamsomea, nilikuwa nimeinakili kwenye daftari langu. Nusu yake, shangazi, mkia. Mwanzo hakuelewa, papa hakumjua kwa namna tunavyomjua sisi. Nikamweleza jinsi anavyokuja bila kichwa, na kutiwa chumvi, na kuanikwa. Nikaona neno moja moja linavyomfikia.

"Umeona au umedhani?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Mara hii nimeona."

"Na mara ile?"

"Mara ile nilidhani. Nikakwambia nimeona."

Alikasirika. Sitaki kuandika kwamba hakukasirika. Midomo ilimwenda nyeupe, akasema maneno kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili, "Kwa nini? Nilikuuliza. Upande wa kudhani una nafasi tele. Ningeandika tu. Hakuna aibu upande ule."

Nikamwambia habari za baba yangu. Sikuwahi kumwambia kabla. Viatu ndani ya falaji, Darajani, kiti juani. Binti yangu alikuwa amekaa karibu, na nilimwona anageuza uso, kwa kuwa na yeye mengine alikuwa hajayasikia.

Doktora alikizungusha kikombe chake mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Baba yangu alikuwa anatuletea barua kutoka Ujerumani. Mimi ndiye niliyemsomea bibi. Barua zilikuwa kavu. Nimefika, nimelipwa, kuna mvua. Basi mwisho wa kila barua nikaongeza mimi, *nakukumbuka sana, mama.* Nilikuwa na miaka minane."

"Akajua?"

"Siku moja alisema, 'Mwanangu huyu hajawahi kutamka neno hilo tangu azaliwe.' Nikaogopa. Akasema, 'Soma tena hapo.'" Akachukua kipande cha halua, akakitazama, akakirudisha. "Nimesoma miaka hamsini nisirudie dhambi ile. Sasa umenifanyia wewe."

Hakucheka aliposema, lakini alinisogezea sahani.

Kesho yake alisimama mbele ya watu bila karatasi zake kubwa. Mimi na binti yangu tulikaa nyuma. Alisimulia yote kwa Kiarabu na Kiswahili kilichochanganyika, barua, herufi, birika. Alisema msomaji wake alikuja mwenyewe njia yote kumsahihisha, na jina langu hakulitaja, nilimwomba. Alipofika kwenye shangazi wa Mudhaibi ukumbi ulicheka, na naye akawaachia wacheke. Kijana mmoja msomi akanyanyua mkono akauliza, kwa adabu, basi katika sura ile kimebaki nini?

"Mkia," alisema Doktora.

Kisha akawasomea mstari ule wa mwisho, mke wa Ibra kwa mume wa Unguja.

Sisemi kwamba yote yalimalizika vizuri. Kitabu kilichelewa, na sura ile ameiondoa, na alipokuwa anafunga mizigo yake kwetu nilimwona anazitazama kurasa zile kabla ya kuzitia katika mfuko wa takataka. Nilimwambia aziache, nitazitunza. Akasema, "Dada, usinijaribu."

Siku ya mwisho, baada ya alasiri, tulikaa barazani kama kawaida, na barua hapakuwa na hata moja. Akafungua daftari, ukurasa mpya, akaupiga mstari katikati.

"Yule mzee wako," akasema. "Hayumo kwenye barua. Lakini umemwona. Niambie."

"Hayo si ya kitabu."

"Sijasema ni ya kitabu."

Basi nikamwambia, na yeye akaandika, pua karibu na karatasi. Viatu ndani ya falaji: nimeona. Kanzu ya asubuhi: nimeona. Watu wa Ibra wakimjibu kwa upole, "Darajani leo wamefunga, mzee, rudi kesho": nimesikia, na hapo aliniuliza nimeona au nimedhani, nikasema kwa masikio yangu, akalikubali. Mama akikisogeza kiti chake kila jua linaposogea, asubuhi nzima, huku anachambua mchele: nimeona.

"Na alimjua?" akauliza. "Alijua kwamba huyo anayemsogezea kiti ni mkewe?"

"Alimjua," nikasema.

Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi, ikingoja. Nikamtazama tena, kwa kumbukumbu, baba yangu kwenye kiti chake. Nikautazama mkono wa mama kwenye mgongo wa kiti. Baba alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta.

"Hilo nimedhani," nikamwambia.

Akaandika upande ule.